Mama Ni Wangu, Ludovica

Halafu wananiambia mimi nina roho mbaya! Eti, "Rizalyn, we una wivu mpaka kwenye kope, mtoto wa watu ana matatizo, wazazi wake wanaachana, nyumba inauzwa." Sawa, inauzwa. Kwani nimeinunua mimi? Nilichokuwa nataka ni kitu kimoja tu: wikiendi moja na mama yangu. Jumamosi na Jumapili, mimi na yeye, basi. Huyo Ludovica alikuwa naye miaka yote ile mimi niko kwa bibi natafuna kucha. Asubuhi anaye, mchana anaye, usiku anaye. Leo anataka na wikiendi yangu?

Ngoja nianze vizuri, maana nikikasirika naruka ruka.

Mama yangu anaitwa Nenita. Hapa Milano watu wetu wote wanamwita Dada Nita. Ni mfupi, na miguu yake midogo mpaka viatu anavinunua upande wa watoto. Hakai kwenye kiti akaegemea mpaka kazi iishe, na kazi haiishi, kwa hiyo ukimkuta kakaa, kakaa ukingoni kama mtu anayesubiri kuitwa. Kwenye pochi yake kuna mifuko ya plastiki imekunjwa pembetatu, maana huwezi jua, chakula kinaweza kubaki popote. Akipiga pasi anaimba. Akimenya vitunguu anaimba. Akikasirika ndo humsikii kabisa, na hapo uogope.

Alitoka kwetu Mabini, Ufilipino, mimi bado nanyonya kidole. Hakuna aliyeshangaa. Kwetu ukiona nyumba ina geti la kupakwa rangi mpya, ujue mama wa nyumba hiyo yuko Italia anafuta vumbi la watu. Mama alipata kazi kwa familia moja, baba mwanasheria, mama daktari wa meno, na katoto kao kananizidi mimi kidogo tu. Hako katoto ndo Ludovica. Mama alikuwa analala huko huko, chumba kidogo nyuma ya jiko. Ludovica akiota ndoto mbaya alikuwa anakimbilia nyuma ya jiko, sio kwa wazazi wake. Mimi nikiota ndoto mbaya nilikuwa nakumbatia mto.

Kila baada ya muda boksi lilikuwa linakuja kutoka Italia. Sabuni, chokoleti, nyama za kopo, na nguo. Nguo za Ludovica zilizombana. Ndani ya kola jina lake limeshonwa kwa uzi mwekundu, na aliyeshona ni mama yangu. Shuleni wenzangu walifunua kola wakasoma, na kuanzia hapo nikawa Ludovica. "We Ludovica, njoo! Ludovica, leta mpira!" Nimepigana sana kwa ajili ya hilo jina. Shule yenyewe sikuimaliza, na sitaki kusema ni kwa sababu ya ngumi, ila ngumi zilichangia.

Halafu kuna hili. Sisi kwetu mama tunamwita Inay. Mimi Inay nilimwita bibi, kwa sababu ndo aliyekuwepo. Mama alipokuwa anapiga simu nilimwita Mama tu, kama unavyomwita mwanamke yeyote anayeuza nyanya. Na Ludovica je? Ludovica, Mzungu, nywele rangi ya ufagio, anamwita mama yangu Inay.

Mimi nimekuja Milano miaka miwili iliyopita, karatasi zilipokubali. Nafagia na kuosha ngazi za majumba. Nakaa na mama chumba kimoja kwenye nyumba tuliyochangia na wenzetu. Yeye sasa anamhudumia bibi yake Ludovica, kizee kisichoweza kuamka peke yake. Alhamisi mchana yuko huru, Jumapili yuko huru, lakini Jumapili ni ya Mungu na ya marafiki zake. Mimi nabaki na kipande cha kabla ya kulala, na yeye hapo kachoka. Mazungumzo yetu ni ya watu walio kwenye foleni ya benki. Umekula? Nimekula. Funga dirisha. Nimefunga.

Sasa mwezi uliopita kile kizee kikachukuliwa na mwanawe kwenda baharini. Mama akapata Jumamosi na Jumapili zote mbili, kwa mara ya kwanza tangu nije. Nikamwambia, "Mama, twende ziwani. Mimi na wewe. Tupande boti, tule, tupige picha." Akasema, "Ziwa lipi, Como?" Nikasema ndiyo. Akatabasamu. Nikakata tiketi mimi. Nikapika wali mimi. Mama akakaanga bangus, yule samaki wetu mtamu mwenye miiba kama pakiti ya sindano. Nilipaka hadi rangi ya mdomo. Nilifurahi kama mjinga.

Tunafika stesheni kuu Jumamosi asubuhi, nani kasimama chini ya ubao wa treni na begi mgongoni?

"Inay!"

Kaja mbio. Kainama, maana ni mrefu kama nguzo, kachukua mkono wa mama akaugusisha kwenye paji la uso wake. Hiyo ndo shikamoo yetu. Hatufundishi watalii ile. Unafundishwa ukiwa mdogo na mtu anayekupenda, kwa kukusukuma kichwa mpaka ujue.

Nikamgeukia mama. "Huyu anafanya nini hapa?"

"Mwanangu, taratibu. Amekuja jana kutoka Bologna anakokaa. Wazazi wake wanaachana, nyumba wanauza. Mtoto ana huzuni. Nikamwambia aje apunge upepo."

"Ukamwambia. Mimi umeniambia saa ngapi?"

"Si nakwambia sasa?"

Ludovica akanipa mkono. "Rizalyn, samahani. Kama nawaingilia naweza kurudi." Anaongea lugha yetu, tena kwa lafudhi ya Mabini, kile kimziki cha watu wa pwani yetu ambacho hata watu wa Manila wanakicheka. Angeongea Kiitaliano ningeweza kumchukia vizuri.

Nikasema, "Aa, karibu tu. Treni si ya baba yangu."

"Ila ni ya serikali yenu nyie," nikamwongezea. Mama akanifinya mkono.

Kwenye treni kulikuwa na viti vinavyotazamana. Mama akakaa dirishani. Mimi nikawahi kukaa pembeni yake, nikasema angalau hapa nimeshinda. Kumbe ujinga! Aliyekaa mbele yake ndo anayeonwa. Njia nzima mama anamtazama Ludovica, wanaongea. Unakumbuka ulivyomeza kifungo? Unakumbuka ulivyoficha brokoli kwenye soksi? Unakumbuka tulivyopotea kwenye theluji? Mama anacheka mpaka anapiga paja. Paja alilopiga ni langu, maana nilikuwa karibu. Hiyo ndo sehemu yangu kwenye mazungumzo yale.

Nikajaribu na mimi. "Mama, unakumbuka mimi nilivyo..."  Nilivyo nini? Hakuwepo.

Tukapanda boti mpaka Bellagio, mji mdogo wa huko huko ziwani. Watu wanapiga picha milima, mimi nampiga mama. Kila picha nywele za ufagio zimeingia pembeni. Nikamwambia, "Ludovica, sogea kidogo." Kasogea. "Bado kidogo." Kasogea. "Bado." Akasema, "Rizalyn, nikisogea tena naanguka ziwani." Nikamwambia, "Si unajua kuogelea? Mama alinihadithia, alikupeleka kufundishwa kila Jumatano." Akacheka akidhani natania.

Mchana tukapata benchi karibu na maji. Sisi hatukai mgahawani, pale bei ya supu utadhani wameipika na dhahabu. Mama akatandika kitambaa, akafungua wali, akatoa samaki. Tukanawa, tukaanza kula kwa mikono. Ludovica anakula kwa mkono vizuri kuliko mimi. Anakusanya wali kwa vidole, anausukuma na dole gumba, hakidondoki kitu. Wazungu waliopita wakamtazama yeye, si sisi.

Na hapo ndo nikaona.

Mama hakuwa anakula. Kainamia samaki, vidole vinakimbia, anatoa mwiba baada ya mwiba anaweka kwenye karatasi, nyama nyeupe anaikusanya kilima. Sisi ndivyo mama zetu wanavyotulea. Kabla hujajua kuongea, mama yako anakuchambulia samaki. Unakaa pale umefungua mdomo kama kifaranga. Nikasema moyoni, angalia, ananichambulia. Nikasogeza sahani yangu kidogo, sio sana, nisionekane nimesogeza.

Akachukua kile kilima chote akakiweka kwa Ludovica.

Bila hata kuangalia. Mkono wenyewe ulikwenda. Halafu akaokota samaki mzima, na kichwa chake na miiba yake yote, akaniwekea mimi.

"Mbona yeye umemchambulia?" nikauliza.

"Ah, huyu akila mwenyewe atakabwa. We mwanangu unajua, si umekulia kwetu."

"Nani kanifundisha?"

Mama akatazama juu. "Nini?"

"Nauliza, kuchambua samaki nani kanifundisha? Nilikabwa na mwiba nikiwa mdogo, bibi akanipiga mgongo mpaka nikatapika. Ulikuwepo? Ulikuwa unamchambulia nani siku hiyo?"

"Rizalyn," mama akasema polepole, "watu wanatuangalia."

"Waangalie! Wamelipa nauli!"

Nikachukua yule samaki nikamtupa ziwani. Bata wakaja mbio. Bata wa kule wameshiba mikate, walimnusa wakamkimbia. Hata bata hawakunichambulia.

Chakula kwetu hakitupwi. Unaweza kumtukana mtu, lakini chakula hutupi.  Mama akakunja karatasi ya miiba, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki, akafunga fundo. Hakuimba. Hakunitazama. 

Kanuna.

Lazima muelewe hili jambo, la sivyo hamtaelewa kilichofuata. Sisi mtu akiumizwa na mtu anayempenda, hagombi. Ananuna. Ni kama mtu amejifungia chumbani anagonga mlango kwa ndani: nimo humu, nimeumia, njoo unitoe. Na aliyemuumiza lazima aende akambembeleze. Amtekenye, amletee kitu kitamu, amwimbie, mpaka mdomo ulegee. Usipombembeleza, basi umemwambia hana thamani. Na aliyenuna haruhusiwi kusema kwa nini kanuna. Ukisema umeharibu.

Sasa shida ni kwamba na mimi nilikuwa nimenuna. Nilinuna zaidi yake. Boti ya kurudi yeye kakaa mbele, mimi nikaenda kukaa nyuma kabisa kwenye moshi wa injini, mgongo nimemgeuzia. Nikasema atakuja. Nikahesabu makanisa ya ng'ambo. Hakuja. Yeye huko anasema nitakuja. Sikwenda.

Aliyekwenda ni Ludovica. Nilimwona kwa jicho la pembeni. Alikuwa kanunua aiskrimu kabla hatujapanda, inamyeyukia mkononi. Akakaa karibu na mama. Mama akageuza uso. Ludovica akageukia upande ule. Mama akageuza huku. Ludovica akamfuata huku. Akamgusa ubavuni kwa kidole, kwenye sehemu moja maalumu chini ya kwapa, ambayo mimi sijui ipo. Mama akaruka. Ludovica akaanza kuimba ule wimbo wa pasi. Mdomo wa mama ukatetemeka, ukakataa, ukatetemeka tena, halafu akacheka, akapokea aiskrimu, akampiga kofi la mapenzi begani.

Mimi huku nyuma nilitaka kuzama. Nguo, sawa, alivaa yeye kwanza. Samaki, sawa. Lakini hata kununa kwa mama yangu anajua kutibu! Mimi mtoto wa tumbo lake sijui hata kwapa lipi.

Usiku huo tulilala tumegeukiana migongo. Hata ile 'Umekula?' haikuulizwa.

Jumapili baada ya misa tukaenda bustani ya Sempione. Ilikuwa sikukuu ya kuzaliwa ya Anti Menchu, rafiki wa mama, mwanamke mnene mwenye sauti ya honi ya lori. Kaleta mashine ya kuimbia, ile inayokupa maksi ukimaliza wimbo, na viti vyake vyeupe vya plastiki ambavyo kaviandika jina chini ili watu wasivibebe. Meza imejaa: sambusa ndefu za kwetu, tambi za sherehe, nguruwe wa kuchoma, na ile spageti yetu ya sukari na soseji ambayo Mtaliano akiiona anafanya ishara ya msalaba.

Ludovica kaja tena. Kabeba keki. Anakula spageti ya sukari, anaomba tena.

Anti Menchu akapiga kelele, "Muoneni huyu! Mtaliano gani huyu? Babu zake wanageuka kaburini! Nita, huyu mwanao wa Kizungu umemharibu kabisa!"

Watu wakacheka. Mwanao. Mama naye akacheka, akamfuta Ludovica mdomo. Mimi nilikuwa nimebeba bakuli la barafu, nikaenda kuliweka mbali, kwenye beseni la soda, ili nisimmwagie mtu.

Ludovica akanifuata.

"Rizalyn, naomba dakika moja."

"Chukua soda uende. Za machungwa ziko chini."

"Sitaki soda. Nataka nikwambie kitu, halafu unitukane." Akashika mikono yake kama mtoto aliyevunja kikombe. "Kamwendee Inay. Anakusubiri."

"Ananisubiri kwa sababu ya samaki? Akalishe bata."

"Sio samaki. Anakusubiri tangu uwanja wa ndege."

Nikamtazama. "Uwanja gani?"

"Siku uliyofika. Alijiandaa wiki nzima. Alinunua koti jipya. Aliniambia, mwanangu akitoka nitamkumbatia mpaka asahau. Ukatoka, ukachukua mkono wake ukaugusisha kwenye paji la uso, ukasema, 'Habari za siku nyingi, Mama.' Kisha ukauliza basi liko wapi. Akasema ulimsalimia kama jirani. Alinuna, Rizalyn. Kanuna mpaka leo. Anasubiri uje umbembeleze."

Sasa niambieni. Hiyo ni siri ya mama yangu, inanihusu mimi, na aliyenayo ni nani? 

"Kakwambia wewe," nikasema.

"Nilimkuta analia akipiga pasi."

"Na we ukambembeleza, si ndiyo? Ukamtekenya kwapa. Unajua lipi?"

"La kushoto," akasema kwa sauti ndogo.

"Ludovica, sikiliza. Sikuchukii kwa sababu we mbaya. Ungekuwa mbaya ningekushukuru. Nakuchukia kwa sababu alichokupa we ndo kile nilichopungukiwa mimi. Ukienda shule kwa mkono wake, mimi nilienda peke yangu. Haihitaji hesabu. Sasa nyumba yenu inauzwa, pole. Lakini we ukilia una pa kwenda kulia. Unaenda kwa mama yangu."

Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Najua," akasema. "Na sijui wewe ulikuwa unaenda wapi."

Hilo likanipandisha hasira. Nikamwacha pale nikaenda moja kwa moja mpaka kwa mama. Alikuwa kakaa ukingoni mwa kiti cha plastiki, kama kawaida yake, anakunja mifuko. Mbele ya mashine mjomba mmoja anaimba wimbo wa mapenzi kakunja uso kama mwenye jino bovu.

"Mama. Umeninunia?"

Meza nzima ikageuka. Kwetu hakuna anayeuliza hivyo. Ni kama kumfungulia mtu mlango wa choo.

"Sijanuna," mama akasema. Kwa lugha yetu hiyo maana yake ndiyo.

"Tangu uwanja wa ndege?"

Akamtafuta Ludovica kwa macho, akajua nani kasema. Mifuko ikamdondoka. "Ulinisalimia kama jirani," akasema, chini chini.

"Ningekusalimiaje? Nilikuwa nakujua kwa picha! Nilimwona mwanamke mfupi kavaa koti jipya, nikasema huyu ndiye, nisikosee, nimpe heshima. Bibi alinifanyisha mazoezi njia nzima akinisindikiza, mpe heshima mama yako, mpe heshima. Kukumbatia hakuna aliyenifanyisha!"

"Rizalyn..."

"Ngoja. We umenuna miaka miwili unasubiri nikubembeleze. Mimi je? Mimi nimenuna tangu nanyonya kidole! Nilinuna siku ulipopanda gari na begi la bluu, nikakaa chini ya meza, bibi anasema nilikaa mpaka jioni. Mimi ndo nilianza. Foleni ni yangu. Kwa hiyo sibembelezi mtu. Nibembeleze mimi."

"Nini?"

"Nibembeleze! Sasa hivi! Mbele ya watu!"

Mjomba kaacha kuimba. Muziki unaendelea peke yake. Anti Menchu kashika sambusa hewani. Mama kanitazama, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyeulizwa njia kwenye mji wake mwenyewe akakuta haijui. Akaangalia mikono yake. Mimi ni mtu mzima, mpana, nabeba ndoo za maji ngazi kwa ngazi. Mtu kama mimi unambembelezaje? Nikaona anatafuta. Nikaona anarudi nyuma kwa mawazo, nyuma, mpaka kwa yule mtoto mdogo aliyemwacha Mabini.

Akafungua mikono akapiga mapaja yake. "Njoo," akasema. "Njoo kwa Inay."

"Mama, mimi mzito."

"Njoo nimesema!"

Nikamkalia mapajani. Mimi, na makalio yangu haya, juu ya mwanamke anayevaa viatu vya watoto. Akanizungushia mikono, haikufika. Akaanza kunitikisa, huku na huku, ananipigapiga mgongoni, anaimba. Sio wimbo wa pasi. Ni mwingine, siujui, ila shingo yangu iliujua, ikalegea yenyewe. Nikasikia harufu ya mafuta ya nazi na pasi. Nikaanza kulia kama mbuzi.

Kiti kikapasuka.

Miguu yote mara moja. Tukaenda chini kwenye majani, mimi juu yake, tambi zimetufuata.

"Kiti changu!" Anti Menchu akapiga honi. "Kina jina langu hicho! Nita, utakufa! We mtoto, mtoke mama yako, utamfanya chapati!"

"Usitoke," mama akasema chini yangu, anahema, anacheka, analia. "Usitoke kwanza."

Mashine ikampa yule mjomba tisini na nane, na alikuwa hajaimba nusu.

Nilipoinua kichwa nikamwona Ludovica. Kasimama kule kwenye beseni la soda peke yake, mkono mdomoni. Anti mmoja akaniambia baadaye, "Ungemwita, Rizalyn, ingekuwa nzuri." Labda. Sikumwita. Nilimshikilia mama kwa mikono miwili nikamtazama Ludovica moja kwa moja, na nilijisikia vizuri. Huo ndo ukweli wangu. Wivu haujaisha. Juzi Ludovica kapiga simu, mama akaenda kuongelea kwenye korido, nikasikia anacheka, wivu ukaamka vile vile. Ila mama alipomaliza alirudi, akakaa kitandani kwangu, akaegemea ukuta. Akaegemea, yule mwanamke wa ukingoni. Akaniuliza, "Ulikaa chini ya meza ipi?" Nikamwambia. Tuliongea mpaka mwenzetu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

Sasa wewe unayesoma hii. Uko Ulaya, uko Arabuni, uko mjini tu kwa watu unalea mtoto asiye wako, na wako kabaki kwa bibi yake. Acha kufunga hilo boksi. Mpigie simu leo. Usimuulize viatu vinamtosha. Usimuulize kashika namba ngapi shuleni. Mwambie, "Najua umenuna, na una haki." Halafu nyamaza, mwache akutukane mpaka amalize. Na wewe mtoto unayesubiri, usisubiri kama mimi. Piga wewe. Mwambie akubembeleze. Piga sasa hivi.